Kazi ni ya nani? Dipoli ya umeme ikigeuzwa ndani ya uga

Swali lenyewe ni fupi. Dipoli, yaani jozi ya chaji chanya na hasi, imelala sambamba na uga wa umeme, kisha inageuzwa digrii 60. Kazi iliyofanyika ni kiasi gani? Mwanafunzi mmoja anaandika juli 3 × 10⁻⁷, mwenzake anaandika −3 × 10⁻⁷, na wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Lililokosea ni swali, kwa sababu halikusema kazi ya nani: ya mkono ulioigeuza, au ya uga uliokuwa ukiupinga mkono huo?

Mada nzima hukwama hapo. Anayekariri fomula ya nishati ya dipoli, U = −pE cos θ, bila kujua alama ya kutoa imetoka wapi atapata alama zake siku ambazo swali limekaa vile alivyozoea, na atazipoteza likigeuzwa kidogo. Kwa hivyo tuanze na vitu vya kushikika.

Dipoli ni chaji mbili za ukubwa mmoja, moja chanya na moja hasi, zenye nafasi ndogo kati yake. Zidisha ukubwa wa chaji moja (q) kwa umbali kati ya vitovu vyake (d), upate momenti ya dipoli: p = qd. Hiyo ni vekta, na mwelekeo wake ni kutoka chaji hasi kwenda chanya. Mara nyingi wanakemia huchora mshale wao kinyume. Ukichukua mchoro wa molekuli kwenye kitabu cha kemia na fomula kwenye kitabu cha fizikia, utajikuta umeandika digrii 180 palipofaa 0. Vitabu vingine huandika umbali huo kama 2a, na kuna watu kila mwaka huzidisha kwa a peke yake wakashangaa jibu lao limekuwa nusu.

Chukua shanga mbili ndogo za plastiki, moja ina chaji ya nanokulombi +2 na nyingine −2. Zifunge kwenye ncha za kijiti chepesi kisichopitisha umeme, vitovu vyake vikiachana sentimita 1. Basi p = 2 × 10⁻⁹ × 0.01 = 2 × 10⁻¹¹ C·m. Kisha bati mbili za chuma zinatazamana, nafasi kati yake sentimita 10, tofauti ya umeme volti 3,000. Uga ulioko katikati ni E = 3,000 ÷ 0.1 = 30,000 V/m.

Kila shanga inapata kani ya qE, yaani nyutoni 6 × 10⁻⁵, takriban uzito wa kitu cha miligramu 6. Chanya inavutwa upande uga unakoelekea, hasi inavutwa upande wa pili. Kani hizo zinalingana na zinapingana, kwa hivyo dipoli haiendi popote. Lakini kama kijiti kimekaa mshazari, kani mbili haziko kwenye mstari mmoja, na hapo dipoli inazunguka.

Aliyeangalia mashua zilizotia nanga Bandari ya Kale ya Mombasa upepo wa kusi ukivuma ameshaiona jozi hii. Kamba ya nanga inavuta omo, yaani mbele ya mashua, kuelekea upepo unakotoka, upepo unasukuma mwili wa mashua uende unakokwenda. Maji yakiwa yametulia, kani hizo mbili zinalingana, mashua haisogei, ila inageuka mpaka omo itazame kusini. Ukiisukuma ubavu itarudi. Ukiigeuza kabisa, tezi, yaani nyuma yake, ikatazama upepo, huenda ikasimama kidogo kama iliyokubali, halafu upepo ukiyumba kiasi kidogo tu inazunguka na kurudi ilikotoka. Mfano unaishia hapo: nguvu ya upepo hubadilika kulingana na ubavu unaoukabili, ilhali uga wetu unavuta shanga kwa kani ileile kwa pembe yoyote. Kinachobadilika kwa dipoli ni jinsi mistari ya kani mbili inavyoachana, na upana huo ni d sin θ, θ ikiwa pembe kati ya dipoli na uga. Hivyo kani ya kuzungusha ni τ = pE sin θ. Kwa shanga zetu pE ni 6 × 10⁻⁷ N·m, na hicho ndicho kilele, digrii 90.

Sasa kazi. Vitabu vingi huingia moja kwa moja kwenye integrali ya pE sin θ. Si vibaya, lakini kwa uga ulio sawa kila mahali hakuna haja. Fuata shanga moja moja. Dipoli ikigeuka juu ya kitovu chake kutoka 0 hadi θ, shanga chanya inarudi nyuma, kinyume cha uga, kwa umbali wa (d/2)(1 − cos θ). Shanga hasi inasogezwa mbele kwa umbali uleule, nako pia ni kinyume na inakovutwa. Kila moja inadai kazi ya qE × (d/2)(1 − cos θ). Jumlisha:

W = qEd(1 − cos θ) = pE(1 − cos θ)

Kwa digrii 60, kosaini ni 0.5, na mkono umefanya kazi ya juli 3 × 10⁻⁷. Kutoka pembe yoyote θ₁ hadi θ₂, mkono unafanya W = pE(cos θ₁ − cos θ₂). Uga umefanya kiasi hichohicho chenye alama iliyopinduliwa. Hiyo ndiyo siri ya wale wanafunzi wawili.

Jaribu tena digrii 60, lakini sasa kutoka 60 hadi 120. Jibu ni pE(0.5 + 0.5), yaani juli 6 × 10⁻⁷: mara mbili ya safari ya kwanza, ingawa pembe iliyozungushwa ni ileile. Safari ya kwanza ilianzia mahali kani ya kuzungusha ni sufuri; ya pili ilipita juu ya kilele chake. Kwa hivyo anayezidisha τ kwa pembe amekosea hata kabla ya kugusa kikokotoo. Kutoka 0 hadi 90 atapata 1.57 pE, na jibu ni pE kamili.

Tukiongelea kikokotoo: kikiwa kwenye radiani, cos 60 hutoa −0.952, na kazi ya safari ya kwanza inaruka hadi juli 1.17 × 10⁻⁶. Kosa hili ni rahisi kulinasa kwa sababu kosaini ya pembe iliyo chini ya digrii 90 haiwezi kuwa hasi. Kosa la kuacha umbali kwa sentimita ni gumu zaidi kuliona: jibu linakuwa kubwa mara 100, na juli 3 × 10⁻⁵ haimtishi mtu yeyote.

Mkono ukishafanya kazi polepole, bila kuipa dipoli mwendo, kazi hiyo imehifadhiwa. Naiita nishati ya mkao (U), kwa kuwa inategemea dipoli imekaaje na si iko wapi. Tunachojua kwa hakika ni tofauti tu: U₂ − U₁ = pE(cos θ₁ − cos θ₂). Sufuri ya nishati unaichagua wewe. Desturi ni kuiweka digrii 90, na hapo U = −pE cos θ. Uchaguzi huo una sababu nzuri: dipoli ikiwa imekatiza uga, shanga zote mbili ziko kwenye potenshali moja (V), na +qV na −qV zinafutana. Ungeileta kutoka mbali sana ikiwa imekaa hivyo, usingelipa chochote.

Kwa hivyo ikilala sambamba na uga nishati yake ni −6 × 10⁻⁷, ikikatiza ni 0, ikigeuzwa kabisa ni +6 × 10⁻⁷. Kuipeleka kutoka mkao wa kwanza hadi wa mwisho ni juli 1.2 × 10⁻⁶, karibu sawa na kuinua gramu moja kwa milimita 0.12. Alama hasi haimaanishi nishati imepotea. Inamaanisha ukitaka kuirudisha dipoli digrii 90 lazima utoe kitu mfukoni.

Kuna kinachoachwa nje makusudi. Shanga zenyewe zinavutana, na nishati ya mvutano huo ni −kq²/d (k ni kigezo cha Coulomb), yaani juli −3.6 × 10⁻⁶, mara sita ya pE yetu. Mbona hatuihesabu? Kwa sababu kijiti hakirefuki: ukigeuza dipoli unavyotaka, mvutano huo haubadiliki. Lakini swali likisema umbali umeongezwa, au chaji zimetenganishwa kabisa, basi lazima irudi kwenye hesabu.

Ukiiachilia dipoli kutoka digrii 60 bila mkono kuishika, uga ndio unaofanya kazi, na ikipita digrii 0 ina juli 3 × 10⁻⁷ za mwendo. Haitasimama hapo; itavuka na kubembea. Kwa pembe ndogo muda wa kubembea ni T = 2π√(I/pE), I ikiwa momenti ya inesha, kipimo cha ugumu wa kuizungusha. Shanga zikiwa na gramu 0.1 kila moja na kijiti hakina uzito wa kuhesabika, I = 5 × 10⁻⁹ kg·m², na T ni sekunde 0.57. Hewa na uzi wa kuning'inizia ndivyo vinavyoituliza mwishowe.

Sasa punguza dipoli mpaka iwe molekuli ya maji. Oksijeni inavuta elektroni upande wake, na haidrojeni mbili zimekaa kwa pembe ya digrii 104.5, si kwa mstari ulionyooka, hivyo molekuli ina momenti ya 6.2 × 10⁻³⁰ C·m. Kipimo cha desturi ni debye, kwa jina la Peter Debye, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1936. Molekuli ya maji ina debye 1.85. Kaboni dioksidi nayo ina oksijeni mbili zilizonyooka pande mbili za kaboni, zinafutana, na momenti yake ni sufuri.

Iweke molekuli hiyo kwenye uga wetu wa 30,000 V/m: pE ni juli 1.9 × 10⁻²⁵. Halafu linganisha na joto. Mchana wa Mombasa wa digrii 30 za Selsiasi ni kelvini 303, na kT, kipimo cha nishati ya joto ya molekuli moja (k hapa ni kigezo cha Boltzmann), ni juli 4.2 × 10⁻²¹. Msukosuko wa joto unaizidi kazi ya uga mara elfu ishirini na zaidi. Hata ukipandisha uga mpaka hewa yenyewe ipasuke cheche, karibu 3 × 10⁶ V/m, joto bado linashinda kwa zaidi ya mara 200. Ile michoro ya molekuli za maji zimejipanga kama waumini safu ya mbele inapotosha. Ukweli ni umati unaozunguka ovyo, wenye upendeleo mdogo sana wa upande mmoja.

Isipokuwa karibu na ioni. Umbali wa nanomita 0.24 kutoka ioni ya sodiamu, uga unafika 2.5 × 10¹⁰ V/m, na pE ya molekuli ya maji ni kama juli 1.5 × 10⁻¹⁹, mara thelathini na kitu ya kT. Haya ni makadirio, maana kwa umbali huo mdogo uga si sawa kutoka ncha moja ya molekuli hadi nyingine, lakini ukubwa wake ni wa kuaminika. Hapo maji hujipanga kwelikweli, yakiigeuzia sodiamu upande wa oksijeni na kloridi upande wa haidrojeni, na chumvi inayeyuka. Wanaovuna chumvi Gongoni na Marereni, pwani ya Kenya, huacha jua lilipe bei ya kuyang'oa maji hayo.

Maikrowevu inatufundisha jambo lingine. Uga wake hupinduka na kurudi mara bilioni 2.45 kwa sekunde, molekuli za maji kwenye chakula zikijaribu kuufuata. Kama zingeufuata bila kuchelewa hata kidogo, chakula kisingepata moto: kazi ambayo uga ungefanya nusu ya mzunguko ungerudishiwa nusu ya pili. Joto linatokana na kuchelewa. Molekuli zimeshikana na jirani zake, zinabaki nyuma ya uga kidogo, na kwa kila mzunguko sehemu ya kazi hairudi. Wanaosema masafa hayo yamechaguliwa kwa sababu ndiyo maji yanayoitikia hasa wamekosea. Maji ya kawaida hufyonza zaidi karibu na gigahazi 20, na hilo lingekuwa balaa jikoni, kwa kuwa ngozi ya nje tu ndiyo ingeiva. Kwa 2.45, mawimbi yanaingia sentimita chache.

Kikombe cha maji mililita 250, kutoka digrii 28 hadi 100, kinahitaji juli 75,000 hivi. Kwa wati 800 ni sekunde 94, na kwa vitendo zaidi ya hapo, kwa kuwa kikombe nacho kinapata moto na mvuke unatoroka. Samaki wa kugandishwa ni kisa kingine. Ndani ya barafu molekuli zimefungwa mahali pake, haziwezi kugeuka, na barafu hufyonza kidogo mno kuliko maji. Pembeni pakiyeyuka kidogo, maji yale ndiyo yanayokula nguvu yote: mkia wa changu unapikika na tumbo bado ni jiwe. Kitufe cha kuyeyusha huwasha na kuzima mawimbi kwa zamu ili joto lipate muda wa kusafiri hadi katikati. Kupandisha nguvu kunaharibu tu.

Mpaka hapa uga ulikuwa sawa kila mahali. Ukiwa mkali upande mmoja, kani mbili hazilingani tena, na dipoli iliyokwisha kujipanga inavutwa kuelekea upande wenye uga mkali: F = p × (badiliko la E kwa kila mita). Hii ndiyo sababu kitana kilichosuguliwa huokota vipande vya karatasi visivyo na chaji. Mfano unaopendwa madarasani, wa maji membamba ya mfereji wa bomba kupinda kuelekea kitana, ni mbaya kwa somo hili. Mfereji umeungana na ardhi, maji yana ioni, na kitana kinavuta chaji za kinyume zishuke pamoja na maji. Kazi kubwa hapo ni ya chaji hizo, si ya dipoli kugeuka. Maji ya kisima cha hapa, yenye chumvi, yanapinda vilevile.

Tena Mombasa kitana chenyewe kinagoma. Unyevu wa hewa huacha utando wa maji juu ya plastiki, chumvi ya bahari inayeyuka humo, na chaji inatoroka kabla hujainua mkono. Kukausha kitana kwa mashine ya kukaushia nywele dakika moja kunasaidia, na chumba chenye kiyoyozi kinasaidia zaidi. Wakati wa masika usijisumbue.

Bora suji ndani ya mafuta, kwa kuwa mafuta hayajali unyevu wa hewa. Sahani bapa ya kioo, mafuta ya kupikia kina cha milimita 4, vipande viwili vya bati laini la aluminiamu vimesimama kwenye ukingo, sentimita 4 kati yake. Nyunyiza suji kavu, kiasi cha ncha ya kijiko. Unganisha na chanzo cha volti za juu cha maabara chenye kikomo cha mkondo, uongeze polepole hadi volti 4,000. Chembe zitageuka, zitashikana kichwa kwa mkia, na mistari ya uga itaonekana kwa macho. Zisipotikisika, volti hazitoshi au mafuta ni mazito. Zikirundikana, umezidisha suji. Suji iliyokaa kwenye unyevu ikaushe kwanza kwenye kikaango bila mafuta. Kabla ya kugusa chochote zima chanzo, kisha uunganishe bati zote mbili kwa waya wenye mpini wa plastiki. Usithubutu kutumia transfoma ya maikrowevu badala ya chanzo cha maabara: hiyo inaua.

Hesabu ya chembe hizi ina nusu inayosahaulika. Suji haikuja na momenti yake; uga ndio umeizaa, p = αE, α ikiwa kipimo cha jinsi chaji za chembe zinavyotenganishwa kwa urahisi. Kutumia −pE hapa ni kosa. Sehemu ya kazi ya uga, ½αE², imetumika kuzitenganisha chaji ndani ya chembe, na kinachobaki ni U = −½αE². Ndiyo maana pia mistari inabaki hata ukibadilisha nyaya, chanya ikawa hasi: E ikipinduka, p inapinduka nayo, na mraba haujui alama.

Ukizima umeme, usitarajie suji itawanyike. Kila chembe ni kubwa kiasi kwamba nishati yake kwenye uga ilikuwa mamilioni ya mara ya kT, na joto la chumba halina ubavu wa kuisogeza. Mistari itakaa vilevile mpaka uikoroge kwa kijiti.